Mjumbe na Safari ya Kwenda Kituo cha Mikutano cha AICC, Arusha



Katika kazi yangu ya kukagua vyama vya msingi hupitia hati nyingi za malipo ya safari, na lipo jambo moja ambalo nimeliona mara kwa mara. Nauli ya mjumbe kutoka kijijini kwake hadi Arusha mjini huwa ndogo, bali teksi ya kutoka stendi hadi Kituo cha Mikutano huandikwa kwa kiasi kinachoshinda nauli hiyo mara tatu au zaidi. Sisemi kwamba mjumbe ameiba. Aghalabu amelipa kweli, kwa kuwa alifika stendi hajui aelekee upande gani, na saa ya mkutano imekwisha kumkaribia.

Fedha hizo ni za wanachama, lakini hasara si ya fedha peke yake. Katika mkutano mmoja wa wajumbe wa vyama ambao mimi nilihudhuria, ajenda ya asubuhi ilikuwa ushuru unaokatwa kwa kila kilo ya mazao, na ajenda hiyo iliamuliwa kwa tofauti ya kura chache sana. Mzee mmoja, mjumbe wa chama cha miteremko ya Mlima Meru, aliingia ukumbini wakati kura zimekwisha kuhesabiwa. Chama chake kilikuwa kimekaa kikao kizima kijijini kumwelekeza apige kura ipi. Alipofika stendi alimwambia dereva wa teksi neno moja tu, “AICC”. Dereva alipomtazama, mzee mwenye fimbo na mfuko wa karatasi mkononi, akamchukua moja kwa moja hadi Hospitali ya AICC, iliyo kwenye barabara ya zamani ya Moshi. Teksi ikaondoka. Mzee akakaa kwenye benchi la wagonjwa akidhani ndipo wajumbe wanapoandikishwa. Uamuzi ule ulikifunga chama chake kama vilivyofungwa vyama vingine vyote, na wanachama wenzake walimlaumu kwa muda mrefu.

Kwa hiyo yafaa kwanza kuelewa ni mahali gani tunapozungumzia. Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, ambacho watu wote hukiita kwa herufi zake, AICC, ni majengo ya ghorofa yaliyojengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyoundwa mwaka 1967. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 majengo yalibaki, na mwaka 1978 Kituo cha Mikutano kikaanzishwa. Jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi hapa hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ilikuwa na ofisi zake humo hadi mwaka 2012 ilipozindua jengo lake yenyewe lililo jirani. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda nayo ilifanyia kazi humo mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Haya nayataja kwa sababu mgeni akielekezwa na mtu wa zamani anaweza kuambiwa “nenda Jumuiya” au “nenda mahakamani”, na dereva kijana wa leo akampeleka kwingine kabisa. Mjumbe na amwambie dereva hivi: “Kituo cha Mikutano cha AICC, karibu na Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, nyuma ya Boma la zamani.” Hapo hapatakuwa na nafasi ya kukosea.

Tukianza na wale watokao upande wa mashariki, yaani King'ori, Maji ya Chai, Usa River na Tengeru, hao ndio wenye safari rahisi kuliko wote, na kwa bahati mbaya ndio wanaopoteza fedha bure. Vifodi vinavyotoka huko hufuata barabara kuu ya Moshi. Mjumbe hana haja ya kwenda mpaka katikati ya mji kisha akakodi gari la kumrudisha alikotoka. Na amwulize kondakta kabla ya kupanda kama gari litafika njia panda ya Sanawari, kisha ashuke hapo. Akishuka, aupe mlima mgongo, afuate barabara inayoteremka kuelekea mjini. Atafika Hospitali ya Mount Meru, na Kituo kiko hapo karibu. Mwendo wa dakika 15 hivi kwa miguu, nao ni wa kuteremka. Kurudi jioni ndiko kupanda.

Wale wa Ngaramtoni na Longido huingia kwa barabara ya Nairobi, ambayo nayo hupita Sakina na Mianzini hadi Sanawari hiyo hiyo. Tatizo lao ni kwamba magari mengi huiacha barabara kuu na kukata kuingia mjini kabla ya kufika hapo. Swali kwa kondakta ni lile lile, liulizwe mapema, maana kondakta akishapokea nauli majibu yake huwa mafupi.

Wa Monduli na Karatu huja kwa barabara ya Dodoma na kushushwa magharibi ya mji. Kutoka Karatu ni zaidi ya kilomita 130, nami siafiki hata kidogo mtindo wa kumtoa mjumbe huko alfajiri ili awahi kikao cha asubuhi. Basi likiharibika Makuyuni, chama kimekwisha kukosa kura. Bodi na iidhinishe posho ya kulala usiku mmoja, ijapokuwa ni gharama.

Kutoka stendi kuu ya mabasi, iliyo karibu na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mtu asiye na mzigo mzito anaweza kutembea kwa muda wa nusu saa hivi. Ashuke hadi Barabara ya Sokoine, aifuate kuelekea mashariki jua la asubuhi likiwa usoni, avuke bonde la Mto Naura, hadi Mnara wa Saa. Hapo akate kushoto katika Barabara ya Boma, penye ofisi ya posta, apande taratibu hadi mwisho ambapo lipo Boma la zamani la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900 na ambalo sasa ni makumbusho. Majengo ya Kituo yako nyuma yake. Ikumbukwe kwamba mabasi mengine ya mikoani huwashusha abiria kwenye ofisi za makampuni yao wala si stendi kuu. Hapo dira ya mjumbe na iwe Mnara wa Saa, kwa kuwa kila mtu Arusha anaujua.

Sina ugomvi na teksi. Wakati wa masika, au mjumbe akiwa mzee, au akiwa amebeba vitabu vya hesabu vya chama, teksi ni halali. Lakini teksi nyingi za mjini hazina mita, hivyo bei ipatanwe kabla ya mlango kufungwa, na Katibu ampigie simu mtu anayekaa mjini ili kujua bei ya haki ya siku hizo. Wajumbe wa vyama jirani wasafiri pamoja. Tuseme teksi ni shilingi 8,000: wakipanda wanne, kila chama kitalipa shilingi 2,000 tu. Bajaji ni nafuu zaidi. Bodaboda ni ya haraka, lakini sharti kofia ya kinga ivaliwe, na vitabu vya chama visipakiwe humo. Nimewahi kukagua daftari la fedha lililolowa hata kurasa zikagandamana, na sikupenda maelezo niliyopewa.

Yapo mambo mawili katika barua ya mwaliko ambayo Katibu hana budi kumsomea mjumbe kwa sauti. La kwanza ni saa. Barua nyingi huandika saa kwa hesabu ya Kizungu, na 9:00 ya asubuhi ni saa tatu yetu, si saa tisa. La pili ni jina la ukumbi. Kituo kina majengo matatu, nayo ni Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, na kumbi nyingi ndani yake. Ukumbi wa Simba, ulio mkubwa kuliko zote, huchukua watu zaidi ya 1,000, na siku hiyo hiyo pengine unaendelea mkutano mwingine usiohusu ushirika kabisa. Mjumbe asiyejua jina la ukumbi wake huweza kuzunguka ngazi na korido kwa muda ule ule aliouokoa njiani.

Kuhusu hesabu, daladala haitoi stakabadhi, na teksi nyingi vivyo hivyo. Hilo halimzuii mkaguzi kuyakubali malipo, ila hati ya malipo ioneshe tarehe, ametoka wapi hadi wapi, kwa chombo gani, kiasi gani, na sababu ya kukodi gari kama alikodi. Kisha mjumbe atie sahihi na mwidhinishaji atie yake. Masurufu yarejeshwe mara baada ya safari, pamoja na chenji.

Chama cha yule mzee sasa humpa kila mjumbe kikaratasi chenye namba ya simu ya Katibu, mahali pa kushukia, jina la ukumbi na saa ya Kiswahili. Nakala nimeikuta katika jalada lao, imebandikwa nyuma ya hati ya malipo. Nauli ya Sanawari, kwenda na kurudi, na hakuna teksi.