Vingi au Vichache: Kwanza Jenga Mahali

Mtu anayetaka kupamba sebule yake huja kwetu wapambaji na swali moja: nipunguze vitu ili nyumba ipumue, au niache kila nilichokusanya kionekane? Siku hizi swali hilo huja na picha mbili kwenye simu. Ya kwanza ina ukuta mweupe, sofa la kijivu na ua moja ndani ya chungu. Ya pili ina vikapu ukutani, picha za ukoo, vitabu, na busati juu ya busati. Tuiite ya kwanza mtindo wa vichache, na ya pili mtindo wa mkusanyiko. Yote miwili ina historia ya heshima, na yote miwili huharibika kwa sababu ileile: vitu kukosa mahali pa kukaa.

Tuanze na vichache. Mwaka 1951 msanifu majengo Mies van der Rohe alikamilisha nyumba ya mapumziko ya daktari Edith Farnsworth huko Plano, jimbo la Illinois, Marekani. Ni chumba kimoja kirefu chenye kuta za vioo na nguzo nyeupe za chuma, jiko na bafu vikiwa vimefichwa katikati. Wasanifu wengi huihesabu miongoni mwa kazi bora za karne ya 20. Mwenye nyumba hakuridhika. Alilalamika hadharani kwamba hata kitundikio cha nguo hawezi kukiweka bila kuwaza kitaonekanaje kwa mtu aliye nje. Nafasi ilikuwapo tele, ila vitu vya mkaaji havikupangiwa pa kwenda.

Tukienda London tunakuta kinyume chake. Nyumba ya msanifu John Soane, ambayo Bunge la Uingereza liliitungia sheria mwaka 1833 ili ihifadhiwe kama alivyoiacha, imejaa sanamu, vipande vya majengo ya kale, vitabu, na hata jeneza la jiwe la Farao Seti wa Kwanza. Chumba chake cha picha ni kidogo, lakini kuta zake ni mbao zenye bawaba. Unafungua tabaka la kwanza la picha, unakuta jingine nyuma yake. Kwa ufundi huo, picha zaidi ya mia moja hukaa mahali ambapo ukuta wa kawaida ungebeba sehemu tu, na mgeni hajikwai.

Pwani yetu ilishalitatua suala hili zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 3, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ndefu kuliko hapo hulemewa. Chumba cha namna hiyo ukikitia makabati makubwa, pa kupita hapabaki. Basi mafundi wakaingiza hifadhi ndani ya ukuta: zidaka, safu kwa safu, zilizonakshiwa kwa chokaa, zikapangwa sahani na bakuli za kaure zilizovuka bahari kutoka China. Ukiitazama sakafu ya chumba hicho utasema ni nyumba ya vichache. Ukiutazama ukuta wa ndani utasema ni ya mkusanyiko. Vyote viwili ni kweli, kwa sababu wingi ulipewa ukuta na utupu ukapewa njia.

Hapo ndipo mrundikano, yaani vitu visivyo na mahali, unapoachana na mkusanyiko, na anayeishi humo ndiye anayeuhisi. Mwaka 2010 watafiti Darby Saxbe na Rena Repetti walichapisha matokeo ya kazi yao kwa wanandoa wa Los Angeles. Kila mmoja alizunguka nyumbani kwake na kamera akielezea anachokiona, na kwa siku kadhaa mate yake yakapimwa homoni ya msongo iitwayo kotisoli. Kwa kawaida homoni hiyo hushuka kadiri siku inavyokwenda. Kwa wanawake walioizungumzia nyumba yao kama mahali palipovurugika na penye kazi zisizokwisha, haikushuka vizuri. Tuzingatie kilichopimwa: maneno ya mkaaji kuhusu nyumba yake. Matokeo hayo hayakutokana na kuhesabu vikombe.

Ushauri unaotoka nje kuhusu kupunguza vitu unahitaji kupimwa kwa maisha yetu. Mjapani Marie Kondo, aliyeuvutia ulimwengu kwa kufundisha watu kubaki na vile tu vinavyowapa furaha, alikiri mwaka 2023 kwamba baada ya mtoto wa tatu unadhifu wa nyumba haupo tena mbele kama zamani. Huku kwetu kuna jambo zaidi. Sufuria kubwa ya shughuli haimpi mtu furaha ikiwa imekaa stoo, lakini siku ya msiba au arusi mtaa mzima unaitafuta. Godoro la ziada linamsubiri mgeni wa kutoka kijijini. Na mwenye kipato kidogo hatupi kitu ambacho kesho hataweza kukinunua tena.

Akiba haiozi, walisema wahenga, ila godoro lililoegemezwa kwenye ukuta wenye unyevu huota ukungu. Uvungu wa kitanda uliosongamana vitu, pamoja na nguo zilizotundikwa nyuma ya mlango, ni mapumziko ya mbu aina ya Aedes, waenezao dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Kabati lililobanwa ukutani huficha mchwa mpaka liwe limekwisha kuliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua mtindo, gawa vitu mafungu matatu. Vya kila siku vikae kati ya goti na bega, mkono uvifikie bila ngazi. Vya wageni na shughuli viende juu ya kabati au uvunguni, ndani ya masanduku yenye vifuniko. Na kama mna kikundi mtaani, sufuria na viti vinunuliwe vya pamoja, kila nyumba ipumzike. Vya kumbukumbu vipewe ukuta mmoja, viwe pamoja, kuta nyingine ziachwe. Mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki misumari atumie rafu ndefu ya kusimama, isiyo na upana mkubwa, inayokaribia dari, na aiache mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite.

Kisha weka mpaka: rafu ikijaa, kiingiacho kitoe kimoja. Kinachofaa mpe ndugu, cha chuma muuzie mnunuzi wa skrepa, kilichovunjika kisirudi stoo kusubiri fundi asiyeitwa.

Ukishafanya hivyo, mtindo ni wako. Penda ukuta mtupu au penda vikapu ishirini, hakuna mpambaji mwenye haki ya kukucheka. Lakini usinunue kitu kingine cha kupamba nyumba mpaka uweze kusema, ukiwa bado dukani, kitakaa wapi.