Umeitwa Warsha ya Picha Busia ama Malaba? Dem, Shika Rada Kabla Uweke Sahihi

Tuseme umeona notisi kwa grupu ya WhatsApp: warsha ya kupiga picha, wasichana pekee, siku tatu, Busia mjini ama Malaba, lunch na fare ni juu yao. Kitu cha kwanza unafikiria ni "sasa mimi nitatoa kamera wapi?" Hiyo isikutoe jasho. Simu yako ya kawaida inatosha kuanza, na kama kuna kamera mtagawana. Kitu cha kukutoa jasho ni ile karatasi mtapewa asubuhi ya kwanza, ile kila mtu anaweka sahihi mbio mbio juu chai inapoa.

Isome. Mara nyingi iko na vitu viwili vimechanganywa. Cha kwanza, unakubali wakupige picha na wazitumie. Cha pili, ndio moto, ni picha utakazopiga wewe zitakuwa za nani.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya, ile ya 2001, inaanzia hapa: mwenye kupiga picha ndiye mwenye picha. Hauhitaji kuwa na studio wala cheti. Na kwa picha, haki hiyo inadumu miaka 50. Lakini sheria hiyo hiyo inasema ukiajiriwa kuipiga, ama mtu akikuagiza kazi, haki inahama kwake isipokuwa mmekubaliana vingine. Sasa angalia vile inakuwaga. Siku ya kwanza na ya pili wewe ni mwanafunzi. Siku ya tatu mtu anakuambia, "enda sokoni utupigie akina mama kumi wa omena, tutakupea kitu kidogo." Hapo umetoka darasani, umeingia kazini. Uliza kabla uondoke: jina langu litaandikwa chini ya picha? Mtaziuza? Naweza kuziweka kwa ukurasa wangu, ama kuziingiza kwa mashindano? Kama wanakubali, waandike hapo hapo kwa karatasi na ubaki na kopi, hata kama ni ya kupiga na simu. Mwalimu wa maana hatakuchukia kwa kuuliza hivyo. Akikasirika, umejua.

By the way, kuna sababu watu wanaleta warsha za aina hii mpakani kwa wasichana na si kwa kila mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Caroline Wang na Mary Ann Burris walifanya kazi na wanawake wa vijijini huko Yunnan, China. Waliwapatia kamera wapige maisha yao wenyewe, halafu wakae chini waongee kuhusu picha hizo, na maafisa wasikie. Mtindo huo ukapewa jina fotovoisi, na umezunguka dunia nzima. Busia inauingia vizuri sana, juu biashara ndogo ya mpaka imebebwa na wanawake. Lakini picha za mpaka zenye umezoea kuona ni foleni ya malori Malaba na wanasiasa wakikata utepe, kama vile Februari 2018 wakati Uhuru na Museveni walifungua kituo cha pamoja cha Busia. Mama mwenye anavuka na trei za mayai saa kumi na mbili asubuhi, yeye hapigwi picha. Ama anapigwa bila kuulizwa.

Na hapo ndio wengi wanateleza.

Chukua mfano rahisi. Unampata mama kwenye njia ya panya na gunia kichwani, mwanga umemkalia poa, unabonyeza. Picha kali. Unaiweka mtandaoni, unaandika na mahali. Kwako ni likes. Kwake ni ushahidi: uso wake, mzigo wake, njia yake, na saa anapita. Watu wa forodha wako na simu pia, na hata mwizi. Na ka hukuzima lokesheni kwa kamera ya simu, faili yenyewe imebeba mahali ulisimama, hata kama hukuandika kitu. Izime leo, iko kwa setingi za kamera.

So bonga kwanza, piga baadaye. Mwambie jina lako, picha ni za nini, zitaonekana wapi. Mwambie kwa lugha anasikia: huku kuna Kiteso, Kikhayo, Kisamia, na wengine wanaongea Kiganda kukushinda. Akikataa uso, piga mikono, piga kivuli, piga mzigo. Mikono ya mwanamke anayepima dagaa kwa gorogoro inaweza kushinda uso wake, ukiniuliza mimi.

Usidhani hii ni adabu tu. Katiba yetu kifungu cha 31 inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inachukulia picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Data alipiga klabu moja ya Nairobi, Casa Vera, faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa. Shule moja ya Uthiru nayo ikala 4,550,000 kwa picha za watoto bila wazazi kukubali. Kwa hivyo yule mtoto mcheshi anakurukia mbele ya kamera sokoni, tafuta mzazi wake kwanza. Na kwa ofisi za mpakani, askari, geti na mashine za kukagua mizigo, usijaribu kuiba picha. Omba ruhusa, ama mwache mwalimu aombe kwa barua. Karao akikushika na kamera hapo, story yako ya sanaa haitamfurahisha.

Mkipangiwa kuvuka upande wa Uganda, kitambulisho cha taifa kinatosha kwa Mkenya, imekuwa hivyo tangu 2014. Ujue tu vile kituo cha pamoja kinafanya: ukitoka Kenya unahudumiwa na nchi zote mbili upande wa Uganda, ukirudi unahudumiwa upande wa Kenya. Ukibeba kamera kubwa, waonyeshe forodha ukienda ili usiulizwe umeinunua wapi ukirudi. Na Uganda pia wana sheria yao ya data, nayo ni ya 2019. Mama wa Sofia ana haki sawa na wa Soko Posta.

Sasa upande wa giza. Kuna "warsha" zenye si warsha. Unaambiwa ulipe ada ya usajili kwa namba ya mtu binafsi, ama utume picha zako za "majaribio" na nguo chache, ama mkutane kwa chumba cha lojing'i na si ukumbi. Kimbia. Warsha ya kufundisha kupiga picha haihitaji kuona mwili wako. Na kama mtu tayari ana picha zako za faragha na anakutishia kuzisambaza, sheria ya makosa ya mtandao ya 2018, kifungu cha 37, akizisambaza inampea faini hadi shilingi 200,000 ama jela hadi miaka miwili, ama zote mbili. Usifute jumbe zake. Hizo ndizo utaonyesha polisi.

Haya, ufundi kidogo, juu hiyo ndio ulikuja nayo. Busia iko karibu na ikweta na iko magharibi kabisa, kwa hivyo jua linafika kichwani kitu saa saba kasoro, na hapo macho ya kila mtu yanakuwa mashimo meusi. Mpeleke chini ya mabati ya kibanda, lakini mwisho wa kivuli, uso ukiangalia nje. Kamera ya simu inapenda kusawazisha kila kitu, so mtu mweusi akiwa na barabara nyeupe nyuma yake anageuka kivuli. Gusa uso wake kwa skrini, halafu uongeze mwangaza kidogo. Jioni, jua linazama saa moja kasoro hivi, na huku linashuka wima, halikungoji. Ule mwanga wa dhahabu unakupea kama nusu saa tu. Uwe umeshachagua mahali.

Ukitaka kujua hii kitu inaweza kufika wapi, tafuta kazi za Sarah Waiswa. Alizaliwa Uganda, anafanyia kazi Kenya, na chuo alisomea sosholojia na saikolojia, si picha. Mwaka wa 2016 alishinda tuzo ya ugunduzi huko Arles, Ufaransa, na picha za mwanamke mwenye ualbino alizopigia Kibera. Angalia vile yule mwanamke amesimama kwenye hizo picha. Haonekani kama mtu ameibiwa kitu.

Siku ya mwisho mtachagua picha za kuonyesha. Kabla ya hapo tenga doo kidogo ya studio ya mtaani, toa nakala moja, umrudishie yule mama wa dagaa. Atakuambia kama umempata ama umemkosa.