Kamera Ndogo, Taa za Studio: Hesabu za Biashara ya Picha

Udhaifu wa kamera ndogo ya dijitali, ile isiyobadilishwa lenzi, unaanzia kwenye sensa. Sensa ndogo hukusanya mwanga kidogo, na ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga, ikipandishwa ili kufidia upungufu huo, picha hujaa chengachenga. Flashi ya studio huondoa tatizo hilo kwa kumwaga mwanga mwingi kwa muda mfupi, hata kamera ikafanya kazi katika ISO 80 au 100, kiwango ambacho sensa ndogo hutoa picha safi. Ndiyo maana studio ya mtaji mdogo hupata tija zaidi fedha zake zikitangulia kwenye taa.

Msingi wa flashi hizo uliwekwa na Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, katika miaka ya 1930. Umeme hulimbikizwa kwenye kapasita, kisha huachiliwa ghafla kupitia mrija wenye gesi ya zenoni. Nguvu yake hupimwa kwa jouli. Kwa picha za pasipoti, sura na bidhaa ndogo, taa za jouli 200 hadi 400 zinatosha. Mwavuli au softiboksi hutandaza mwanga na kulainisha vivuli.

Kikwazo cha kwanza ni kuziunganisha kamera na taa. Baadhi ya kamera ndogo, kama baadhi ya zile za mfululizo wa Canon PowerShot G na zile za Fujifilm X100, zina sehemu ya kupachika flashi juu yake. Hapo huwekwa kifaa cha redio kinachofyatua taa bila waya. Waya wa moja kwa moja una hatari yake, kwani taa za zamani huweza kurudisha zaidi ya volti 200 na kuunguza kamera. Kifaa cha redio huitenga kamera na umeme huo.

Kamera isiyo na sehemu hiyo hutegemea flashi yake yenyewe kuiamsha taa ya studio, ambayo huwa na jicho la kuhisi mwanga. Tatizo ni kwamba kamera nyingi hurusha mmweko mdogo wa kupimia kabla ya ule wa kupigia picha. Taa hudanganyika na kuwaka mapema, na picha hutoka giza. Dawa ni kuiondoa flashi ya kamera kwenye mfumo wa kujipimia na kuishusha hadi nguvu ya chini kabisa, au kununua taa yenye uwezo wa kupuuza mmweko wa kwanza.

Upande wa shata, kamera ndogo huipiku kubwa. Kamera nyingi za kubadilisha lenzi zina shata ya mapazia mawili, na kwa kawaida haziendani na flashi kupita kasi ya sekunde 1/200 au 1/250. Kamera ndogo nyingi zina shata ndani ya lenzi, hivyo huweza kufikia 1/1000 au zaidi. Kasi hiyo huufifisha mwanga wa jua huku ule wa flashi ukibaki, jambo lenye manufaa kwa picha za nje mchana. Hata hivyo, taa ikiwa kwenye nguvu kamili, mmweko wake huweza kudumu kuliko muda wa shata, na sehemu ya mwanga ikapotea.

Mipangilio yote hufanywa kwa mkono: kasi ya shata, tundu la lenzi, ISO na rangi ya mwanga. Kioo cha kamera nacho kisiachwe kionyeshe mwanga wa picha ijayo, kwani kabla taa haijawaka kitakuwa cheusi. Tundu la lenzi katika kamera zenye sensa ndogo sana mara nyingi haliwezi kubanwa kupita f/8, kwa hiyo taa yenye nguvu kupita kiasi huiunguza picha. Sensa ndogo pia haififishi mandhari ya nyuma kwa urahisi. Hasara hiyo humgusa mpiga picha za harusi. Anayepiga viatu, vyombo au vipodozi kwa ajili ya katalogi huipenda, kwa sababu bidhaa nzima huonekana wazi.

Soko limebadilika sana. Mwaka 2010 watengenezaji wa Japani walisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120, nyingi zikiwa ndogo. Mwaka 2023 jumla haikufika milioni 8. Simu ndizo zilizolichukua soko hilo, lakini kwa kawaida shata zake za kielektroniki haziendani na flashi za studio, na wanaozitumia hununua taa za LED zinazowaka muda wote. LED za bei nafuu hazifikii nguvu ya mmweko.

Katika taa, majina ya Ulaya kama Profoto la Sweden na Elinchrom la Uswisi yamebaki kwa studio kubwa. Bowens ya Uingereza ilifungwa mwaka 2017, lakini mtindo wake wa kupachika softiboksi umeendelea kutumiwa na viwanda vingi vya China, vikiwemo Godox. Hivyo, vifaa vya chapa moja hukaa kwenye taa ya nyingine, na ushindani umeshusha bei. Kwa miji ya Afrika Mashariki ambako umeme hukatika, taa za betri ya lithiamu zimekuwa na maana ya pekee. Godox AD200, yenye jouli 200, hutoa mimweko 500 hivi kwa chaji moja.

Kwa anayeanza, mpangilio wa manunuzi ni huu: taa moja yenye nguvu inayoweza kupunguzwa, stendi na mwavuli, kifaa cha redio, kisha ubao mweupe wa kurudisha mwanga upande wa kivuli. Taa ya pili hufuata kazi zinapoongezeka. Kamera ndogo iliyotumika inatosha ikiwa inapangika kwa mkono na inaweza kuifyatua taa. Kamera ikibadilishwa baadaye, taa, stendi na miavuli huendelea kuzalisha.