Gharama ya Bodi Haiko Kwenye Shaba

Hadubini ya OpenFlexure, ambayo mwili wake huchapwa kwa plastiki kwenye printa ya 3D, huendeshwa na bodi ndogo iitwayo Sangaboard. Jina hilo lina asili ya Kitanzania: limetokana na Valerian Sanga wa STICLab, karakana ya wabunifu ya Dar es Salaam iliyoshirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza. Taasisi ya Afya ya Ifakara nayo ilishiriki katika mradi huo, kwa matarajio kwamba hadubini hiyo itasaidia kutafuta vimelea vya malaria kwenye damu. Mwaka 2020 waundaji wake waliripoti kwamba hadubini zaidi ya 100 zilikuwa zimetengenezwa Tanzania na Kenya.

Kazi ya bodi hiyo si ngumu kueleza. Kompyuta ndogo hutoa amri kwa umeme wa miliampia chache, ilhali mota inataka zaidi ya mia. Kati yao panahitajika kitu cha kupokea amri na kuifungulia mota umeme wa kutosha. Katika matoleo ya mwanzo ya Sangaboard, mzigo huo ulibebwa na chipu za ULN2003, za bei ndogo na zinazopatikana kwa wingi. Mota zenyewe ni zile ndogo za bei nafuu, lakini kwa jinsi plastiki ya hadubini ilivyosanifiwa, hatua moja ya mota inasogeza kioo cha sampuli chini ya nanomita 100. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi.

Vipande hivyo vinaweza kuunganishwa kwa nyaya, na mezani vitafanya kazi vizuri tu. Tatizo huja chombo kikisafirishwa: nyaya zinalegea, na anayezirudisha si yule aliyezifunga. Bodi inamaliza shida hiyo kwa kuwa njia za umeme ni mistari ya shaba iliyogandishwa juu ya bamba la nyuzi za kioo na epoksi. Kwa kawaida bamba lina unene wa milimita 1.6, na shaba yake ni mikromita 35 tu.

Msanifu huanza kwa kuchora saketi kwenye programu, mathalani KiCad, ambayo ni ya bure. Kisha hupanga kila kijenzi mahali pake na kuchora njia za shaba. Programu humtolea mafaili ya Gerber: moja la shaba ya juu, jingine la shaba ya chini, jingine la rangi ya kinga, jingine la maandishi, pamoja na faili la matundu. Kiwandani hawachori shaba juu ya bamba. Wanaanza na bamba lililofunikwa lote kwa shaba, wanafunika sehemu zitakazobaki, halafu kemikali inakula nyingine.

Hapa ndipo hesabu inapobadilika. Kukagua mafaili, kuandaa mashine, kufunga mzigo na kuusafirisha ni gharama karibu zilezile, uwe umeagiza bodi moja au ishirini. Ndiyo maana viwanda vingi vya Shenzhen, China, huweka bodi tano kuwa kima cha chini. Tuchukue mfano: maandalizi na safari ni shilingi 60,000, na kila bodi shilingi 2,000. Anayetaka bodi moja peke yake, kama angekubaliwa, atalipa 62,000. Watu kumi wakiagiza pamoja bodi kumi za mchoro mmoja, kila mmoja atalipa 8,000.

Wapenzi wa elektroniki wa Portland, Marekani, walikwenda mbali zaidi. Katika kikundi cha DorkbotPDX walikusanya michoro tofauti ya watu wengi, wakaipanga kwenye bamba moja kubwa, wakaagiza kwa pamoja kisha wakakata na kugawana. Utaratibu huo ndio uliozaa huduma ya OSH Park, inayojulikana kwa bodi zake za zambarau zinazouzwa tatu tatu.

Sasa twende Uchindile, milimani juu ya bonde la Kilombero, inakopita reli ya TAZARA. Tuseme fundi wa sola huko amechoka kuona betri za volti 12 zikifa mapema kwa kutumiwa hadi kuisha kabisa. Anachohitaji ni saketi ya kupima volti, kuilinganisha na kiwango kilichowekwa, na kukata taa kwa relei kabla betri haijaumia. Asikimbilie China. Kwanza aifunge kwenye ubao wa majaribio. Ikikubali, achape mchoro kwa printa ya leza kwenye karatasi laini inayong'aa, auhamishie kwenye bamba la shaba kwa pasi ya moto, kisha aoshe shaba isiyotakiwa kwa kloridi ya feri, akiwa amevaa glavu na kukaa penye hewa. Kwa bodi ya upande mmoja yenye mistari minene, hilo linatosha.

Kiwanda kinafaa pale bodi inapotakiwa na wengi, na hapo karakana ya pamoja, kama ile ya STICLab, ina faida nyingine isiyoonekana kwenye ankara. Kiwanda hutengeneza ulichochora, hata kama umekosea: relei iliyogeuzwa itatoka imegeuzwa kwenye kila bodi. Kwa hiyo mchoro upitiwe na jicho la pili kabla ya kutuma. Chapa mchoro wa bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, weka vijenzi juu yake uone kama miguu inaingia kwenye matundu.

Mwisho ni leseni. Mchoro wa OpenFlexure umetolewa kwa leseni ya wazi ya CERN, inayomruhusu mtu yeyote kuunda, kubadili na kuuza, mradi akisambaza mabadiliko yake, nayo ayaweke wazi. Fundi wa Uchindile akiweka mchoro wake kwa masharti kama hayo, mwenzake wa Mlimba au Ifakara hataanza upya. Ataongeza jina lake kwenye oda, na bei ya kila mmoja itashuka tena.