Bomba Kuu la Kale la Choo: Kuliondoa na Kuweka Jipya bila Kudhuru Afya

Nyumba nyingi za Uingereza zilizojengwa kuanzia enzi za Malkia Victoria hadi katikati ya karne ya 20 zina bomba nene lililosimama wima ukutani, kutoka ardhini hadi juu ya paa. Hilo ndilo bomba kuu la choo. Hupokea kinyesi na maji machafu ya nyumba nzima, na ncha yake ya juu, iliyoachwa wazi, hutoa nje hewa chafu ya mfereji. Aghalabu limetengenezwa kwa chuma cha kalibu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika umbo lake. Chuma hicho hudumu miaka mingi, lakini kutu hukila, hasa upande wa nyuma unaotazama ukuta, ambako brashi ya mpaka rangi haikufika. Kwa hiyo bomba linaloonekana zima kwa mbele laweza kuwa limetoboka kwa nyuma. Dalili zake ni michirizi ya kahawia ukutani, unyevu usiokauka hata siku za jua, na harufu ya choo karibu na dirisha.

Kabla ya kugusa chochote, jiulize nyumba ni ya nani. Ikiwa wewe ni mpangaji, kazi hii si yako. Katika England, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1985 humtaka mwenye nyumba, katika mikataba mingi ya kawaida ya upangaji, atengeneze mifereji na mabomba ya nje. Mwandikie barua au ujumbe, weka tarehe, ambatanisha picha, na ubaki na nakala. Asipochukua hatua, wasiliana na idara ya afya ya mazingira ya halmashauri ya eneo lako na uombe nyumba ikaguliwe. Usikubali kuambiwa uifanye kazi mwenyewe ili upunguziwe kodi. Na ikiwa unaishi katika fleti, bomba hilo huenda linatumiwa na jirani wa juu na wa chini. Halikatwi kwa uamuzi wa kaya moja.

Mwenye kumiliki nyumba yake ana uhuru zaidi, na hapo ndipo hatari huanza. Ni desturi njema ya jamii zetu ndugu na marafiki kuitana siku ya mapumziko wakasaidiana kazi ya nyumba. Kupaka rangi au kuhamisha samani kwafaa sana kwa mtindo huo. Bomba la chuma halifai. Kipande kimoja chenye urefu wa karibu mita 2 kinaweza kuzidi kilo 20, na bomba zima la nyumba yenye ghorofa moja linaweza kufikia uzito wa mtu mzima. Tena, chuma cha kalibu hakipindi. Hupasuka ghafla kama chungu, na vipande vyake hukata kama kisu. Mtu akikata katikati, au akifungua kiungo cha chini kwanza, sehemu ya juu hubaki ikining'inia kwenye vibanio vilivyoliwa na kutu, juu ya kichwa chake. Fundi anayejua kazi huanza juu na kushuka. Kila kipande hukifunga na kukishikiza kabla ya kukikata, na husimama juu ya jukwaa imara, si juu ya ngazi ya kuegemeza. Watoto na wapita njia huzuiwa kufika chini yake.

Hatari ya pili haionekani. Rangi za zamani, hasa zilizopakwa kabla ya miaka ya 1970, mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Viungo vya mabomba hayo navyo vilizibwa kwa kamba na risasi iliyoyeyushwa. Vumbi la risasi likimezwa au kuvutwa huingia katika damu. Kwa watoto wadogo hudhuru ukuaji wa ubongo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Kwa sababu hiyo rangi hiyo isikwanguliwe ikiwa kavu, isipigwe msasa wa mashine, wala isichomwe kwa moto. Viungo visiyeyushwe ili vifunguke. Bomba likatwe juu au chini ya kiungo. Madirisha ya karibu yafungwe, na nguo zilizoanikwa ziondolewe. Wajawazito na watoto wakae mbali hadi vumbi litakapofutwa kwa kitambaa chenye maji. Kufagia kwa ufagio mkavu hulirusha tena hewani.

Kuna pia mabomba yanayofanana na chuma lakini yametengenezwa kwa saruji iliyochanganywa na asbesto, ambayo matumizi yake yalipigwa marufuku kabisa Uingereza mwaka 1999. Yapo majaribio rahisi: weka sumaku. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa na bomba si la plastiki, simamisha kazi, usilikate wala kulivunja, na uulize halmashauri namna ya kulipima na kuliondoa.

Siku ya kazi, kila aliyeunganishwa na bomba aambiwe asitumie choo, bafu wala sinki. Bomba limiminiwe maji mengi kabla ya kukatwa. Fundi avae glovu nzito, miwani ya kinga, viatu vigumu na barakoa ya kiwango cha FFP3. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la risasi. Mdomo wa mfereji unaobaki ardhini uzibwe mara moja, ili vifusi visiingie na hewa chafu na panya wasitoke.

Bomba jipya la plastiki ni jepesi, lakini lina masharti yake. Ncha ya juu iliyo karibu na dirisha kwa chini ya mita 3 ipande angalau milimita 900 juu ya dirisha hilo. Plastiki huyeyuka kwa moto. Kwa hiyo mahali bomba linapopenya sakafu kati ya fleti na fleti huwekwa kola maalumu ya kuzuia moto, jambo ambalo mafundi wa bei nafuu hulisahau. Uliza ofisi ya udhibiti wa majengo ya halmashauri kabla ya kuanza, na mtake fundi akuonyeshe bima yake. Chuma chakavu kipelekwe kwa mnunuzi mwenye leseni. Katika England na Wales haruhusiwi kukulipa fedha taslimu. Akifanya hivyo, hafuati sheria.

Baada ya kazi, oga, na fua nguo za kazi peke yake. Jeraha lolote lioshwe kwa sabuni na maji, kisha uliza kama unahitaji chanjo ya pepopunda. Ukipata homa, maumivu makali ya misuli, kuharisha au macho kuwa ya manjano katika wiki zinazofuata, piga simu 111, ambayo ni bure, na useme wazi kwamba uligusa maji ya choo. Waweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Ikiwa mtoto alikuwapo penye vumbi la rangi ya zamani, mwombe daktari wako ushauri kuhusu kipimo cha damu cha risasi, hata kama mtoto haonyeshi dalili yoyote.