Binti Akikata Shauri Mwenyewe

Kama unafanya kazi Mwanza, Musoma au Dar es Salaam na asili yako ni Tarime au Serengeti, yamkini umezoea kuwapandisha watoto basi kila shule zifungwapo mwezi Desemba, waende kuwasalimu babu na bibi. Ni desturi njema, maana mtoto asiyejua kwao huwa mgeni kila mahali. Lakini ikiwa miongoni mwao yumo binti aliyekwisha kuvunja ungo, na ikiwa mwaka wenyewe unagawanyika kwa mbili, kama ilivyokuwa 2016, 2018, 2020 na 2022, basi huna haja ya kuambiwa ni jambo gani huenda linamngoja huko. Na ikiwa binti huyo atakutazama usoni na kukuambia, “Baba, mimi siendi,” utamjibu nini?

Sisi tunaoishi mijini hatujui hasa ni siku gani mtoto wetu hugeuka kuwa mtu mzima. Je, ni siku anapopokea mshahara wa kwanza? Au anapohamisha godoro lake kwenda chumba cha kupanga? Tunakisia tu, na mara nyingi tunachelewa kukubali. Kwa Wakurya jambo hilo halikuwa la kukisia. Wazee wa mila wa kila ukoo walikaa, wakazitazama dalili za mwaka, na walipoona hakuna mkosi wakatangaza msimu. Vijana wa kiume walipelekwa kutahiriwa, na wasichana wakapelekwa kwa ngariba. Waliporudi, nyimbo zilijaa njia nzima, wajomba na shangazi wakawatunza fedha na nguo, na mzazi akatembea kifua mbele. Asubuhi alitoka mtoto, mchana akarejea mtu mzima.

Hata hivyo utu uzima huo haukuwa mmoja. Kijana wa kiume alifunguliwa njia ya kuoa na kuwa na mji wake. Binti alifunguliwa njia ya kuolewa, yaani kuingia katika mji wa mtu mwingine, na ng’ombe wakaletwa kwa baba yake. Ng’ombe hao hawakukaa sana zizini. Ndio waliomwolea kaka yake mke. Kwa hiyo binti anapokataa leo, hakatai kisu peke yake. Anaivuruga hesabu ya nyumba nzima: baba alikwisha kupanga, kaka alikwisha kuposa, na mama anajua atakavyosemwa kisimani kwamba amelea msagane, msichana asiyekeketwa. Tusimcheke mzazi huyo kwa kumwita mshamba. Hasara anayoiona yeye ni hasara kweli.

Lakini tuitazame na hasara ya upande wa pili. Wapo wasichana waliotokwa damu mpaka wakafa. Wapo waliopona jeraha, kisha wakapata shida kubwa siku ya kujifungua. Sheria ya mwaka 1998 juu ya makosa ya kujamiiana iliharamisha ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18, na mzazi au mlezi anayehusika alipangiwa kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kuwa katika mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 10.

Angalia jinsi sheria hiyo ilivyoandikwa. Ilimlinda aliye chini ya miaka 18. Maana yake ni kwamba binti akifikisha umri wa kujitawala, kinga yake inabaki kuwa neno lake mwenyewe, na neno hilo hana budi kulisema mbele ya baba, shangazi, na pengine mchumba. Hata katika ndoa mambo yalikuwa hayo hayo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, mradi mzazi ameridhia. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Kwa muda wote huo ridhaa ya baba ilikuwa na uzito kuliko ridhaa ya mwenye kuolewa.

Sasa wasichana wameanza kukata shauri wenyewe, na hukata kwa miguu. Msimu ukikaribia, wengine hutoroka usiku na kupita mashambani hadi kituo cha Masanga, huko Tarime. Wengine hukimbilia Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, au Kiabakari katika wilaya jirani ya Butiama, kwenye nyumba salama zilizosimamiwa na shirika la Hope for Girls and Women. Mwanzilishi wa shirika hilo, Bi Rhobi Samwelly, ni mzaliwa wa mkoa huo huo, naye ameeleza hadharani kuwa alikeketwa akiwa msichana mdogo na nusura apoteze maisha. Yafaa tukumbuke hilo kila tunaposikia ikisemwa ati mambo haya yameletwa na wageni.

Mzazi anayeamka na kukuta kitanda ni kitupu hupatwa kwanza na hasira, kisha aibu. Nadhani chini ya hayo kuna uchungu mwingine usiotajwa: kwamba mtoto amefanya jambo kubwa kuliko yote maishani mwake bila kumshauri. Sisi wazazi husema tunataka watoto wajitegemee, lakini tunataka wajitegemee kwa namna tuliyoichagua sisi. Kijana akienda kuchimba dhahabu Nyamongo au kuendesha pikipiki Sirari, twamsifu kuwa ni mwanamume. Dada yake akitembea usiku kucha kuokoa mwili wake, twasema ameharibika. Mimi naona huyu wa pili ndiye aliyeonyesha ushujaa zaidi.

Basi wewe uliye mjini, ambaye neno lako lina uzito kijijini kwa sababu ndiwe unayepeleka fedha, usingoje Desemba. Zungumza na babu yake mapema, kwa heshima, na useme waziwazi kwamba binti hatakwenda kwa ngariba, na kwamba hilo ndilo neno la baba mzazi. Usimwachie mama peke yake mzigo huo, maana yeye ndiye atakayebaki na mawifi. Kaka naye aambiwe kuwa mahari atayatafuta kwa jasho lake. Kahawa ipo, mahindi yapo, kazi za mikono zipo. Naye binti umwambie yote haya kabla hajafikiri kutoroka, ajue kuwa nyumba iliyo salama ni ile ya baba yake.

Kwa waliokwisha kutoroka, msimu unapokwisha huwa yapo mazungumzo ya maridhiano. Mzazi huitwa akutane na binti yake mbele ya ofisa ustawi wa jamii na polisi wa dawati la jinsia, akatakiwa kuahidi kwa maandishi kwamba akimrudisha nyumbani hatamkeketa wala kumwoza. Wasichana ambao wazazi wao hukataa kuahidi hubaki vituoni. Wengine huendelea na shule, wengine hujifunza ushonaji ili waweze kujilisha. Wazazi wengi hutia sahihi siku hiyo hiyo na kuondoka na watoto wao. Wapo wanaorudi nyumbani peke yao kwanza, wakakaa na jambo lile mwezi mzima au zaidi, kisha wakapanda tena basi la kwenda Mugumu.