MPINI WA KISU WA PLASTIKI INAYOPITISHA NURU

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Kazi za mikono.

Maneno ya kuandikwa ubaoni kabla ya somo: msuka, bapa, noleo, tupa, jiriwa, keekee, msasa, bitana, sandarusi, nusu-angavu.

 Natumaini mmekwisha kukaa, na mwalimu wenu ameyaandika ubaoni maneno kumi ya leo. Asiyeweza bado kuyasoma yote asihofu. Nitayataja polepole, naye atayafuata kwa kidole.

Katika somo lililopita tulisoma habari za kisu chenyewe: makali, bapa, na msuka. Mnakumbuka kwamba msuka ni ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Leo tutasoma habari za mpini. Nitaeleza mpini wa namna moja tu, nao ni ule wa plastiki inayopitisha nuru. Ukiuinua juani, hung'aa kama asali ndani ya chupa.

Watu huupenda mpini huu kwa uzuri wake. Lakini kazi ya kwanza ya mpini ni kuulinda mkono. Mpini ukipasuka au ukiteleza wakati mtu anakata nyama, makali hayachagui, hukata na kiganja. Kwa hiyo kila nitakalowaambia leo lina faida mbili: kisu kipendeze, na mkono wa mwenye kisu usalimike.

NUSU-ANGAVU MAANA YAKE NINI?

Tazameni dirisha la kioo. Nuru hupita, nanyi mwaona miti iliyo nje. Kitu kama hicho twakiita angavu. Sasa tazameni mlango wa mbao. Nuru haipiti kabisa. Katikati ya viwili hivi kuna vitu vinavyopitisha nuru, lakini huwezi kuona vizuri kilicho nyuma yake. Karatasi iliyoingia mafuta ni hivyo. Ukucha wako ni hivyo. Kipande cha sandarusi kisichosuguliwa bado ni hivyo pia. Vitu hivi twaviita nusu-angavu.

Jambo moja la ajabu ni hili. Kipande cha plastiki angavu ukikikwaruza kwa msasa huwa cheupe kama ukungu. Hakikubadilika ndani. Mikwaruzo ndiyo inayoitawanya nuru huku na huku. Ukikimwagia maji, maji hujaza mikwaruzo, nacho huonekana angavu tena. Likumbukeni jambo hili, kwani litatusaidia tutakapofika kwenye gundi.

PLASTIKI HII ILITOKA WAPI?

Zamani fundi aliyetaka mpini wa kupitisha nuru alitumia pembe ya mnyama au gamba la ng'amba, kobe wa baharini. Pembe ya kifaru na gamba la ng'amba vimeumbwa kwa kitu kimoja na ukucha wetu. Katika nchi ya Yemen, watu walithamini sana jambia lenye mpini wa pembe ya kifaru, kwa kuwa pembe hiyo ikishikwa miaka mingi hung'aa na kupitisha nuru kama kaharabu.

Uzuri huo uligharimu sana. Mwaka 1970 vifaru weusi wa Afrika walikisiwa kuwa 65,000. Mwaka 1995 walibaki chini ya 2,500. Wengi waliuawa kwa ajili ya pembe, nyingine kwa dawa za Asia, nyingine kwa mipini ya majambia. Serikali ya Yemen ya Kaskazini ilikataza kuingiza pembe za kifaru mwaka 1982. Leo biashara ya pembe za kifaru na magamba ya ng'amba kati ya nchi na nchi imekatazwa. Fundi anayetumia plastiki hana haja ya kuua mnyama wala kuogopa mlango wa forodha.

Plastiki ya kwanza kuiga pembe na magamba kwa wingi ilikuwa seluloidi. John Wesley Hyatt wa Marekani na nduguye waliipatia hati ya ugunduzi mwaka 1870. Ilitengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi, kisha ikachanganywa na kafuri. Ilipendeza, lakini ina makosa mawili. Inashika moto upesi mno. Tena, ikizeeka hutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo huleta kutu kwenye kisu. Ukiletewa kisu cha zamani chenye mpini wa namna hii, usikiweke karibu na moto, wala usikifungie ndani ya sanduku pamoja na visu vingine.

Baadaye, katika miaka ya 1930, ilipatikana plastiki bora iitwayo akriliki. Ujerumani iliuzwa kwa jina la Plexiglas, na Uingereza kwa jina la Perspex. Katika vita vya 1939 hadi 1945 ilitumika kutengenezea madirisha ya ndege. Askari waliokota vipande vya ndege zilizoanguka, wakavifanya mipini ya visu. Wengine waliweka picha ya mpenzi chini ya kibao angavu cha mpini, nayo ikaonekana kama iliyo nyuma ya kioo. Akriliki hiyo ndiyo tutakayoitumia. Leo haitoki kwenye ndege. Mafundi wa mabango ya maduka huikata kila siku, na mara nyingi hubakiwa na vipande vidogo. Vipo vyeupe, vyekundu, vya kijani na vya rangi ya asali. Tafuta chenye unene wa milimita 6 hadi 10.

Sasa nitasema na kila mmoja wenu peke yake, kama fundi aliyesimama mbele yangu.

KAZI YENYEWE

Kwanza, jiandae. Funga makali ya kisu kwa kitambaa kinene, ukaze kwa uzi. Fundi huweza kukatwa na kisu hata wakati wa kukitia mpini. Funika pua na mdomo kwa kitambaa safi, maana vumbi la plastiki si la kuvuta. Tena hakikisha chuma kimekwisha kuchomwa na kuzimwa. Akriliki huanza kulegea kwenye joto la digrii 100 hivi, yaani joto la maji yanayochemka. Mpini ukisha kutiwa, kisu hakirudi tena motoni.

Pili, kata vibao viwili. Usiondoe karatasi iliyobandikwa juu ya plastiki, kwani inazuia mikwaruzo. Weka umbo la msuka juu yake, chora kwa kalamu, kisha kata kwa msumeno wa chuma nje kidogo ya mstari. Kata polepole. Ukikata kwa haraka, plastiki hupata joto, huyeyuka, na kuushika msumeno.

Tatu, toboa matundu ya ribiti. Hapa ndipo vibao vingi hupasuka. Ncha ya keekee iliyonolewa kwa ajili ya chuma huuma plastiki na kuichana. Pitisha jiwe la kunolea mara mbili tatu juu ya makali ya ncha hiyo, ili ikwangue badala ya kuuma. Weka ubao chini ya plastiki, ukaze vyote pamoja kwenye jiriwa. Tia maji yenye sabuni kidogo. Zungusha taratibu, na kila mara itoe keekee ili taka zitoke.

Fanya tundu liwe kubwa kidogo kuliko ribiti. Nitaeleza sababu. Kila kitu hutanuka kikipata joto, lakini akriliki hutanuka karibu mara sita kuliko chuma cha pua au chuma cha kawaida. Tuseme mpini una urefu wa milimita 100, nao umetoka kivulini ukawekwa juani, joto likazidi kwa digrii 30. Plastiki hurefuka milimita 0.2 hivi, kadiri ya unene wa nywele mbili au tatu. Chuma hakifikii hata unene wa unywele mmoja. Ribiti iliyobanwa sana haina nafasi, na ufa huanzia pale pale kwenye tundu. Kwa sababu hiyo usiigonge ribiti kwa nyundo kama ufanyavyo kwenye mpini wa mti. Iache ishikwe na gundi.

Nne, maliza kabisa ncha za mbele za vibao, zile zinazoelekea kwenye makali. Zichonge na kuzing'arisha sasa, kabla ya kutia gundi. Baadaye hutaweza kuzifikia bila kukwaruza bapa la kisu. Kama kisu kina noleo, hakikisha kibao kinakutana nalo sawasawa, maana mwanya mdogo huingiza maji, na maji huleta kutu.

Tano, fikiri kuhusu bitana. Koti lina bitana ndani, na mpini huu nao unaihitaji. Mpini wa mti huficha kila kitu, lakini huu hauna siri. Kutu, povu la gundi, doa la kidole, vyote vitaonekana. Chukua karatasi nyembamba ya plastiki nyeupe, uiweke kati ya msuka na kibao. Nyeupe huirudisha nuru, na rangi ya mpini hung'aa. Nyeusi huimeza nuru, na rangi huwa nzito. Usipake rangi ya mafuta juu ya msuka badala ya bitana. Gundi itashika rangi, rangi itabanduka, na kibao kitatoka nayo.

Sita, tia gundi. Tumia epoksi angavu, ile ya kuchanganya sehemu mbili, nawe uchague inayokauka polepole. Usiiguse kwa mikono mitupu, kwani epoksi mbichi huwatia watu wengine vipele. Kwaruza kwa msasa uso wa ndani wa vibao, pande zote mbili za bitana, na msuka, ili gundi ipate pa kushika. Labda utasema, “Je, mikwaruzo haitaonekana?” Kumbuka maji juu ya plastiki iliyokwaruzwa. Gundi hujaza mikwaruzo kama maji yalivyofanya, na kibao huwa angavu tena. Ila pahali gundi isipofika patabaki ukungu. Kwa hiyo paka uso wote, ukianzia katikati kuelekea pembeni, ili hewa itoke. Ikoroge polepole isije ikafanya povu. Banza kwa jiriwa kwa kiasi tu. Ukikaza kupita kiasi, gundi yote hutoka nje, na kinachobaki ndani hakitoshi kushika. Iache siku nzima.

Saba, chonga umbo. Tumia tupa kwanza, kisha msasa. Mpini huu ukilowa maji au mafuta huteleza kuliko mti. Usiufanye mnyofu kama fimbo. Unenepeshe kidogo katikati ujaze kiganja, na karibu na makali uache uvimbe wa kuzuia kidole kisisogee mbele.

Nane, ng'arisha. Neno msasa lilikuwa jina la mti kabla ya kuwa jina la karatasi, kwa sababu majani yake makavu hukwaruza, na wazee waliyatumia kulainishia mbao. Anza na msasa nambari 120, kisha 240, 400, 600, mpaka 1000. Tumia ule usioharibiwa na maji, uuloweshe daima. Maji hupoza plastiki na kulaza vumbi. Kila ukibadili nambari, badili na upande wa kusugua, ili uone kama mikwaruzo ya kwanza imekwisha. Usiruke nambari. Mwisho sugua kwa kitambaa laini chenye dawa ya kung'arishia shaba. Ukipenda mpini usioteleza, ishia nambari 400. Utabaki na ukungu wa nusu-angavu, na mkono utaushika vizuri zaidi.

KUUTUNZA MPINI

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, basi. Usitie katika maji yanayochemka. Usifute kwa spiriti, petroli wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kwani hizo huleta nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Usikiache kisu juani dirishani kutwa.

Na mteja akija kutaka kisu cha bucha, mwambie kweli. Kazi ya bucha ni ya mafuta, damu na maji ya moto. Kisu hicho kinataka mpini wa namna nyingine, usioteleza na usioogopa joto. Mpini wetu wa leo wafaa kisu cha mkate, cha matunda, cha mezani, au cha zawadi. Fundi anayekataa kuuza mpini usiofaa hupoteza fedha ya siku moja. Anayeuuza huenda akawa amemwachia mwenziwe kovu la maisha.

MASWALI

1. Kitu angavu na kitu nusu-angavu vinatofautianaje? Taja mifano miwili ya kila kimoja.
2. Kwa nini tundu la ribiti liwe kubwa kidogo kuliko ribiti?
3. Bitana nyeupe inafanya kazi gani? Na nyeusi je?
4. Kwa nini mikwaruzo ya ndani haionekani baada ya kutia gundi?
5. Andika sentensi tatu za kumweleza mteja namna ya kuutunza mpini wake.

Someni majibu yenu kwa sauti darasani, mmoja mmoja, kabla ya mwalimu kuyasahihisha. Katika somo lijalo tutatengeneza ala ya ngozi ya kuwekea kisu hiki. Kwaherini.